Siku 18 na boksi la umeme: friji ya mama, feni na jua la Goba

Ndani ya friji yetu, rafu ya katikati, kuna kopo la plastiki lenye mfuniko wa bluu. Humo ndo zinakaa insulini za mama, nimezifunga na kipande cha kanga iliyochakaa zisigongane, na pembeni yake kuna kipimajoto kidogo nilichonunua elfu nane Kariakoo. Kila nikifungua friji macho yanaenda hapo kwanza kabla sijaangalia hata maziwa. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, ikiganda ndo basi tena unatupa, na ikipigwa joto siku nyingi inaisha nguvu na mara nyingi kwa macho huwezi kujua, unamchoma mgonjwa dozi ile ile, sukari haishuki, mnabaki mnaulizana kala nini. Hilo kopo ndo lililonitoa karibu milioni mbili nikanunue boksi la umeme, na vipimo vyote nitakavyovisema humu nilivifanya kwa ajili yake.

Watu wa Dar mnaukumbuka mgao wa mwishoni mwa 2023 kuingia 2024. Mimi kipindi kile nilikuwa nabeba kopo kwenye chombo cha barafu nampelekea shemeji yangu upande wa pili wa mji kwa sababu kwao zamu ya kukatiwa ilikuwa tofauti na yetu, kesho yake narudi nalo. Baadaye bwawa la Nyerere kule Rufiji likawasha mtambo wa kwanza, Februari 2024, mitambo iko tisa na kila mmoja ni megawati 235, jumla 2,115, na kiukweli mambo yalibadilika, ule mgao wa ratiba ukaisha. Ila umeme kujaa kwenye gridi ni kitu kimoja, kufika kwenye soketi yako ni kitu kingine. Huku kwetu Goba ni vilima na miti, mvua ikipiga tawi linalalia waya, nguzo inalala, transfoma inalia mara moja halafu kimya, mnakaa giza masaa sita, saba, kuna siku mpaka kesho yake mchana. Na haya hayana ratiba kwahiyo huwezi kujiandaa kubeba kopo.

Jenereta nililiwaza nikaliacha. Kelele, petroli ya kuhifadhi ndani ya nyumba yenye jiko la gesi, halafu ule moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, halitakiwi hata karibu na dirisha, na uwanja wetu ni mdogo, popote utakapoliweka kuna dirisha la mtu. Ile mifumo mikubwa ya kufunga ukutani, inveta yake na betri zake, ni mizuri sana lakini mimi nimepanga, siwezi kutoboa ukuta wa mwenye nyumba nikatandaza nyaya halafu mkataba ukiisha niache vyote. Ndo nikaangukia kwenye hizi pawa stesheni za kubeba, boksi moja ndani yake kuna betri, inveta na kidhibiti cha sola, siku ya kuhama unashika mkono wake unaondoka. Jina la kampuni silitaji, karibu yote ya ukubwa huu yanafanana, na nilichokipima kwenye hili ndo utakachokutana nacho kwenye lile.

Kwenye katoni imeandikwa wati-saa 1,024 na wati 1,800. Dada wa dukani alikuwa anazitaja zote mbili kwa kasi kana kwamba ni kitu kimoja, na nimeona watu wengi wanachanganya hapa, kwahiyo nielezee kwa simtanki. Wati-saa ni ukubwa wa simtanki lako, maji kiasi gani yamo. Wati ni ukubwa wa bomba, maji kiasi gani yanaweza kutoka kwa mara moja. Unaweza kuwa na bomba kubwa sana kwenye tanki dogo, ukilifungua lote tanki linakauka wakati ndoo ya tatu haijajaa. Boksi langu liko hivyo hivyo, bomba la 1,800 kwenye tanki la 1,024, ukilifungua lote halimalizi hata dakika thelathini na tano.

Betri yake ni ile ya lithiamu ya chuma na fosfeti, LiFePO4, na kama kuna kitu kimoja cha kukazania dukani ni hicho. Inavumilia joto kuliko lithiamu za aina nyingine na sio rahisi kushika moto, kijitabu chake kinasema mizunguko 3,000 ya kujaza na kumaliza kabla haijashuka kwenye asilimia 80 ya uwezo wake. Njia hii ilitoka kwa mzee John Goodenough na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas miaka ya 1996 na 1997, na mzee alikuja kupewa Nobeli ya kemia 2019 akiwa na miaka 97, hakuna aliyewahi kuipata akiwa na umri mkubwa kuliko huo. Kingine ninachokipenda, haina kobalti, yale madini yanayowekwa kwenye lithiamu nyingi za aina nyingine. Kobalti nyingi ya dunia inachimbwa kusini mwa Kongo, maeneo ya Kolwezi, na wanaoingia kwenye yale mashimo na kamba na tochi ni ndugu zetu wanaoongea Kiswahili hiki hiki. Nikilaza nyumba yangu kwenye betri ningependa iwe ya chuma na fosfeti, fosfeti ambayo hata sisi tunayo pale Minjingu ingawa tunaitumia kwenye mbolea.

Sasa vipimo. Siku ya kwanza nilitaka kujua kitu kimoja tu, kati ya hizo 1,024 zinazofika kwenye soketi ni ngapi. Unahitaji mzigo usiobadilika, nikaenda kuazima balbu mbili za zamani za wati mia mia kwa kijana anayelea vifaranga hapa mtaani, zile anazowasha bandani wapate joto. Nikaziunga kwenye ekstensheni, katikati nikaweka kipima wati cha kuchomeka, nikawasha, nikakaa chini na daftari. Masaa manne na dakika 21 boksi likazima. Kipima wati kikasoma 870. Yani asilimia 85, nyingine zimeliwa humo humo ndani na inveta kwenye kazi ya kugeuza umeme wa betri uwe wa soketi. Sio ubovu, maboksi yote yako hivyo, lakini mtu aliyepiga hesabu zake kwa 1,024 usiku atakuja kupungukiwa.

Usiku huo huo nikalijaza, nikawasha upande wa soketi bila kuchomeka kitu chochote, hata chaja ya simu, nikalala. Saa mbili usiku lilikuwa 100, saa mbili asubuhi nikalikuta 78. Hapo nilikaa nikaiangalia ile namba muda mrefu. Inveta ikiwa imewashwa tu, haifanyi kazi yoyote, inakunywa kama wati-saa 19 kila saa inayopita, ni kama bomba linalovuja tone tone usiku kucha, na hiki ndo kitu ambacho hakuna mtu aliyeniambia dukani na ndo kilichokuja kuamua kila kitu.

Siku ya tatu nikasema leo nyumba inalala kwenye boksi. Saa mbili kamili usiku nikachomoa vya muhimu vyote ukutani nikavihamishia: friji, feni ya mama, raouta, taa moja ya korido. Friji yetu ni ya mlango mmoja, ya zamani kidogo, kompresa ikiwa inazunguka inakula wati 95, na pale inapoanza kuzunguka namba kwenye kioo inaruka mpaka mia saba na kitu kwa nusu sekunde halafu inashuka. Boksi halikutetereka. Ukichukua na muda inaopumzika, friji ni kama wati 46 kwa wastani wa usiku, feni 48, raouta 10. Kwa macho ni vitu vidogo. Nikalala na amani.

Saa tisa na dakika arobaini nikasikia mama ananiita, sauti ya chini, kama hataki kuamsha watu. "Mwanangu, feni imezima." Nikaenda sebuleni, kioo cheusi. Na kabla ya hapo nilishaamka mara moja saa tisa kasoro nikaliona bado lina asilimia za kutosha, nikajiambia linafika saa kumi na moja hili, kumbe betri za aina hii volti yake haishuki taratibu kama za zamani, inakaa pale pale muda wote halafu mwishoni inadondoka ghafla, kwahiyo asilimia ni makisio ya kompyuta ya ndani, na boksi jipya linakuwa bado halijajijua. Ukilimaliza kabisa na kulijaza kabisa mara moja mbili makisio yanakaa sawa. La kwangu baada ya hapo lilinyooka. Usiku ule nilirudisha plagi ukutani, umeme ulikuwepo, lakini nilikaa kitandani nawaza kama ingekuwa ile siku nguzo imelala.

Asubuhi nikachukua daftari. Mzigo wangu wote kwenye soketi ulikuwa kama wati 106, inveta yenyewe na upotevu wake inaongeza nyingine 27 hivi, ndo maana masaa manane hayakufika. Ningeweza kwenda kununua boksi la pili, na kuna watu mtandaoni jibu lao kwa kila kitu ni hilo, ongeza betri. Mimi nilirudi kwenye lile tone linalovuja. Hivi feni na raouta zina ulazima gani wa kupita kwenye inveta? Raouta ukiigeuza ile adapta yake imeandikwa volti 12, yani inveta inachukua umeme wa betri inaupandisha mpaka 230 halafu adapta inaushusha tena mpaka 12, njia nzima inapoteza. Boksi lina tundu kama la sigara la kwenye gari, linatoa volti 12 moja kwa moja, na ukitumia hilo unaweza kuzima inveta kabisa. Nikanunua waya wa elfu tano wa kuunganisha raouta (angalia ya kwako kwanza, nyingine ni volti 9 au 5, usiunguze), na Kariakoo kwenye maduka ya sola nikapata feni ya kusimama ya volti 12, wati 20, upepo wake ni mdogo kuliko ile ya zamani lakini ukiisogeza karibu na kitanda mama anasema inatosha. Wati 48 zimekuwa 20, na tone limezibwa.

Ikabaki friji, hiyo haina ujanja, inataka inveta. Lakini friji ni chombo cha kutunza baridi, sio lazima iwashwe muda wote, ndo nikaanza kucheza na kipimajoto. Nilizima friji usiku ikiwa nyuzi 4 na kidogo, mlango haufunguliwi, nikawa naangalia kwa kile kioo kidogo chenye waya mrefu nilichobadilisha ili nisifungue. Ilifika 8 kabla ya masaa manne kutimia. Kesho yake nikarudia, ila mchana nilikuwa nimegandisha chupa nne za maji za lita moja na nusu nikazijaza rafu ya juu, mbali na kopo, maana insulini ikigusana na barafu inaweza kuganda. Safari hii ilichukua masaa matano na dakika arobaini. Chupa nne za maji ya bomba zimeniongezea karibu masaa mawili, bure.

Kwahiyo mpango wa usiku ukawa huu. Umeme ukikatika saa mbili, feni na raouta zinaenda kwenye volti 12 na inveta inakaa imezimwa. Saa tano nawasha inveta, friji inazunguka mpaka saa saba. Napumzisha mpaka saa kumi. Saa kumi mpaka kumi na mbili inazunguka tena. Boksi lina Bluetooth kwahiyo nawasha kwa simu nikiwa kitandani, alamu inalia mara tatu usiku na nimeshaizoea. Siku ya saba nilifanya hivyo usiku kucha, makusudi, na kipimajoto hakikupita 7.2. Saa kumi na mbili asubuhi kioo kilisoma asilimia 22. Boksi ni lile lile lililonizimikia saa tisa.

Kuna kitu kimoja kinasifiwa sana kwenye haya maboksi, kwamba unaliacha limechomekwa ukutani, friji na tivii zimechomekwa kwenye boksi, umeme ukikatika linashika lenyewe ndani ya sekunde moja iliyogawanywa mara hamsini. Ni kweli, nilizima swichi ya ukutani tivii haikupepesa. Tatizo nililikuta jioni. Hapa kwetu kuanzia saa moja usiku watu wote wanapika na kupiga pasi, volti inashuka, nilipima nikakuta 184, na boksi likiona volti imeshuka hivyo linahesabu kwamba umeme umekatika, linaruka kwenye betri, volti ikipanda linarudi, ikishuka linaruka, unasikia tak, tak, tak ndani yake kama mtu anagonga kiganja. Siku ya tisa nilirudi kazini nikakuta liko 57 na umeme haujakatika hata dakika moja. Kwahiyo kama mtaa wenu volti inacheza, jaza mchana au usiku mkubwa, ukishajaa chomoa. Ndo ninavyofanya.

Vitu vizito nilijaribu kwa haraka maana najua mtauliza. Brenda haina shida. Jagi letu la umeme la wati 2,200 lilikataliwa hapo hapo, ovalodi, mlio mmoja na soketi zote zimezimwa, friji ikiwemo, unatakiwa ubonyeze tena kuwasha. Pasi inakubali lakini ikiwa inapasha inakula asilimia mbili kila dakika, pigeni pasi umeme ukiwepo. Pampu ya maji ya nusu hospawa nilikuwa na hofu nayo kwa sababu mota inapoanza inavuta mara kadhaa ya kawaida yake, ila iliwaka, nusu saa ya kujaza simtanki ikaondoka na asilimia 30. Hiyo naifanya mchana tu jua likiwa kali.

Na jua lenyewe sasa. Kwenye duka walitaka kuniuzia paneli ya kukunja kama begi, inapendeza, lakini bei yake ilikuwa karibu mara tatu ya paneli ya kawaida ya kioo na fremu yenye wati zile zile 200. Mimi siendi nayo porini. Nikachukua ya kioo. Kazi niliianza mwishoni mwa Februari, na kipindi hicho mpaka siku za kwanza za Machi jua la Dar saa sita mchana linapita utosini kabisa, kivuli chako kinaingia chini ya miguu, kwahiyo paneli inalazwa karibu bapa, unaiinua kidogo tu mvua iweze kuteremka na vumbi. Itakapofika Juni jua litakuwa limehamia kaskazini na itabidi niiinue iangalie huko.

Wati 200 sijawahi kuziona. Ile namba inapimwa maabara paneli ikiwa na nyuzi 25, na juu ya bati la Goba saa saba mchana paneli ukiigusa unaondoa mkono. Kila nyuzi moja ikizidi hapo paneli inapoteza kama theluthi moja ya asilimia, zidisha kwa nyuzi arobaini uone. Mwanzo niliilaza juu ya bati moja kwa moja nikapata 149 kwa kilele. Mdogo wangu akapanda akaweka vipande vya tofali chini hewa ipite, ikafika 161. Kuifuta vumbi asubuhi na kitambaa chenye maji kunaongeza wati nane hivi. Siku nzuri kuliko zote ilinipa wati-saa 790 kutwa nzima, na siku moja ya Machi ambayo mvua ilinyesha tangu asubuhi nilipata 210. Kwahiyo paneli moja haijazi boksi hili ndani ya siku hata jua likiwaka vipi, na masika ndo kipindi miti inapolalia nyaya, yani siku unayolihitaji boksi zaidi ndo siku jua limekunyima. Kwa ajili hiyo nikisikia ngurumo tu nalijaza kwa umeme wa ukutani siku hiyo hiyo.

Tena kuna mwembe. Upo uwanja wa nyuma, wa mwenye nyumba, na ikifika saa tisa alasiri tawi moja linatupa kivuli kwenye kona ya paneli, kona tu, labda ukubwa wa sahani mbili. Nilidhani itapungua kidogo. Nikiwa naangalia kioo, 128 ikawa 41 ndani ya dakika chache. Vile vijumba vyeusi vya paneli vimeungwa kimoja baada ya kingine kama watu wanaopasiana ndoo, mmoja akichelewa wote wanasubiri. Mdogo wangu alisogeza paneli hatua mbili mashariki tukaokoa karibu saa nzima ya jua.

Siku ya kumi na moja nilifanya kosa la kuliacha boksi kibarazani karibu na waya wa paneli, jua la mchana likalifikia, saa nane likasimama kuchaji na alama ya kipimajoto ikawaka. Nililiingiza ndani nikaliweka juu ya marumaru, baada ya robo saa likaendelea. Paneli ikae juani, boksi kivulini, waya mrefu ni hela kidogo.

Fundi niliyemuita kwa ajili ya paneli ya pili ni kijana mzuri na anapanda bati kama ngazi, lakini kuna mambo mawili tulibishana na nayaandika kwa uzito wake. La kwanza, alitaka tuweke tatu, chanya ya hii kwenye hasi ya ile. "Dada, tatu zinajaza faster, utanishukuru." Kila paneli yangu bila mzigo ina volti 24, ukiziunga hivyo volti zinajumlishwa, mbili ni 48, tatu ni 72, na nyuma ya boksi pameandikwa mwisho 60. Zingeingia tatu siku ya kwanza tu asubuhi kidhibiti kingeungua, na garantii hailipi hiyo. Nikamuonyesha maandishi akayasoma, akasema sawa, mbili. La pili ni kubwa zaidi. Alipendekeza anitengenezee waya wenye plagi dume pande zote mbili, upande mmoja kwenye boksi upande mwingine kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima iwake. Nimeona nyumba wanafanya hivyo na majenereta. Ukisahau kuzima swichi kubwa, umeme wako unatoka nje kwenye waya wa mtaa, na yule kijana aliyepanda nguzo kuturudishia umeme anajua waya umekufa. Na plagi ikichomoka inabaki na meno yenye umeme nje, nyumba yenye watoto. Kama mtu anataka nyumba nzima kuna swichi za chenjiova, zinazotenganisha nyumba na waya wa mtaa, zinafungwa na fundi mwenye leseni. Mimi naburuta ekstensheni mbili na ninaridhika.

Kwa gharama, kulijaza lote kwa umeme wa ukutani mita ilihesabu uniti 1.16, na kwa tarifu yetu ambapo elfu kumi inakupa uniti kama 28, hiyo ni shilingi 415 hivi. Nyumba inayofuata wana jenereta dogo, kwa usiku mzima linakunywa lita nne, elfu kumi na zaidi. Hela kubwa ni ile ya kununua, na hiyo sitamdanganya mtu, niliikusanya mwaka na miezi miwili. Mtu ambaye shida yake ni taa na kuchaji simu asitoe hela hii, vile vifaa vidogo vya sola vyenye balbu tatu vinamtosha kabisa. Na kabla ya kwenda dukani nunua kipima wati, ni cha bei ndogo, kizungushe nyumbani wiki nzima, friji yako, feni yako, andika. Ningekuwa nimefanya hivyo kwanza ningenunua ile feni ya volti 12 siku moja na boksi, na mama asingeamka kwenye joto saa tisa usiku.

Siku ya kumi na nne ndo umeme ukakatika wenyewe, mvua, saa nne usiku, giza mpaka bonde lote. Nilikuwa na 96. Tukaingia kwenye mpango wetu, feni, raouta, chupa zimeshaganda. Saa saba na nusu geti likagongwa. Alikuwa mama wa nyumba ya tatu, kamfunika mtoto kanga mbili, mkononi ana ile mashine ya kuvuta mvuke wa dawa. Mtoto ana pumu, kifua kimembana tangu saa sita, na boda hakuna iliyokuwa inapita kwenye ule utelezi. "Dada samahani, nimeona kwenu kuna mwanga." Tulimkalisha sebuleni, mama akamshika mtoto kwa nyuma amuegemeze, nikachomeka mashine, ikaanza kunguruma, wati 130. Dakika kumi. Sikuwa naangalia kioo, nilikuwa naangalia mbavu za yule mtoto, zile ngozi zinazoingia ndani kila akivuta pumzi, mpaka zikaanza kutulia. Baadaye nilipoangalia, dozi nzima ilikuwa imechukua chini ya asilimia tatu. Walilala kwetu, asubuhi na mapema wakaenda hospitali.

Tangu siku hiyo nimebadilisha kitu kimoja, siachi lishuke chini ya 20 hata kama feni itabidi izimwe, hizo 20 ni za mashine ya yule mtoto au za lolote litakalogonga geti. Nimeandika karatasi nikaibandika ukutani juu ya boksi kwa herufi kubwa, maana mchana mimi nipo kazini na mama yupo peke yake: kitufe cha kushoto ni feni, cha kulia ni friji, friji masaa mawili halafu zima, usifungue mlango. Wiki ya kwanza alikuwa haligusi, anasema atalivunja. Jana saa nane mchana akanipigia simu ofisini. "Mwanangu, umeme umeondoka tangu saa tano, boksi lina 64 na jua limeingia wingu. Friji imeshapata masaa yake mawili nimeizima. Na feni nizime?" Nikamwambia aiache, 64 inamfikisha mpaka nitakaporudi.